Steringi Hafi, na Kesho Yake Je? Mvuto na Kasoro za Filamu za Kisasi Zinazofufuliwa

Kwa miaka mingi, katika miji iliyopangana kando ya barabara kuu ya Mombasa, kutoka Emali hadi Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na vilevile kule Kitui, Mwingi na Mutomo, ilikuwa kawaida siku ya soko kusikia milio ya risasi ikitoka katika chumba cha mabati. Hakuna aliyekimbia. Mama aliyeuza ndizi aliendelea kuuza ndizi, na utingo wa lori aliendelea kukaza turubali. Kila mmoja alijua kwamba hicho ni kibanda cha video. Ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, na vijana waliolipa shilingi chache ili wamwone mtu mmoja akiwaadhibu wengi. Siku hizi vibanda vimepungua, na simu ya mkononi imechukua mahali pake. Hata hivyo kanuni ya mchezo haijabadilika: kuna aliyedhulumiwa, kuna dhalimu, kuna silaha, na steringi hafi.

Ni jambo la kushangaza kwamba wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambao wengi wao walipitia mabenchi hayo kabla ya kukalia viti vya mihadhara, huandika kuhusu filamu hizi kwa nadra sana, na wanapoandika huzilaani tu. Makala haya yanashikilia kwamba laana hiyo haitoshi, na kwamba sifa tupu haitoshi vilevile. Filamu hizi zina mvuto wenye sababu, na zina kasoro moja kubwa ambayo wenyeji wa Kitui na Makueni wana haki ya kuitaja kuliko wengi.

Yafaa kwanza kueleza ni filamu zipi zinazozungumziwa. Katika muongo wa 1970 palichipuka huko Marekani, Hong Kong na kwingineko filamu za gharama ndogo zilizokusudiwa kurudisha fedha upesi kwa kuuza damu, ngono na kisasi. Mwaka 1971 Melvin Van Peebles alitoa filamu ya mtu mweusi anayewakimbia polisi, akiwa ameigharamia kwa sehemu kubwa mwenyewe, na mwaka huohuo Gordon Parks akatoa Shaft. Mwaka 1973 Pam Grier aliigiza katika Coffy, hadithi ya muuguzi anayewawinda wauza dawa za kulevya waliomharibu mdogo wake. Huko Hong Kong, studio ya Shaw Brothers ilizalisha filamu za upanga na ngumi ambazo zilisambaa duniani kote. Watengenezaji walikuwa na haraka, pesa zilikuwa haba, na mikanda ilichakaa kwa kuzungushwa kutoka ukumbi hadi ukumbi.

Kizazi kilichokua kikizitazama filamu hizo kiliposhika kamera, kilizifufua. Quentin Tarantino alifungua sehemu ya kwanza ya Kill Bill, mwaka 2003, kwa nembo ya zamani ya Shaw Brothers. Mwaka 2007 yeye na Robert Rodriguez walitoa Grindhouse, filamu mbili zilizounganishwa, ambamo mikwaruzo ilitiwa kwa makusudi ili mkanda mpya uonekane mkuukuu, na sehemu ya hadithi ikarukwa kwa kisingizio kwamba kipande cha mkanda kimepotea. Tangazo la uongo lililowekwa humo kwa mzaha likazaa filamu kamili, Machete, mwaka 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Black Dynamite ilikuwa imeziigiza filamu za Wamarekani weusi kwa kejeli, hata kipaza sauti kikaachwa kionekane juu ya kichwa cha mhusika kana kwamba mpiga picha amekosea.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani na hayaihusu Ukambani. Hoja hiyo inaanguka mara tu tunapomkumbuka David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Makueni ya leo. Katika muongo uleule wa 1970, kupitia kampuni yake ya Comb Books, Maillu aliwauzia Wakenya vitabu vyepesi vya pombe, mapenzi na ukware, vikasomwa kwenye matatu na kufichwa chini ya madawati, na serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku. Mwaka 1980 alitoa The Equatorial Assignment, ambamo jasusi Benni Kamba, mwenye namba 009, anaipigania Afrika dhidi ya njama za mataifa makubwa. Jina la jasusi huyo linajieleza. Huku wengine wakiuza kisasi kwa kamera, mwana wa Kilungu alikiuza kwa taipureta. Wahakiki walimbeza, baadaye wengine wao walirudi kumwandikia makala. Utanzu huu si mgeni aliyepotea njia. Una mizizi hapa.

Mvuto wa filamu hizi, basi, ni nini? Wa kwanza ni haki ya papo hapo. Mtazamaji anayejua maana ya kuitwa tarehe nyingine mahakamani, kisha nyingine, hadi nauli inamwishia, hupata katika dakika tisini kile ambacho miaka mitatu haikumpa. Dhalimu anatajwa, anatafutwa, anapatikana. Hilo si jambo dogo, na anayelicheka hajawahi kudhulumiwa ng'ombe wala kiwanja.

Wa pili ni kwamba filamu hizo za kale zilimpa nafasi mtu ambaye sinema kuu ilimweka pembeni. Mweusi hakuwa tena dereva wala mpishi. Mwanamke hakuwa tena wa kuokolewa tu. Kijana wa Mutomo aliyemwona mtu wa rangi yake akiingia mlangoni bila kuinamisha kichwa hakuhitaji mhadhara wa nadharia ili aelewe kilichotokea.

Wa tatu ni uwazi wa ufundi wenyewe. Filamu ya gharama ndogo haifichi kamba zake. Mtazamaji huona kwamba damu ni rangi na kwamba ngumi haikufika, naye huanza kuwaza kwamba hata yeye angeweza. Katika Nairobi Half Life, filamu ya Kenya ya mwaka 2012, kijana Mwas anauza filamu kijijini huku akiigiza mapigano yake mbele ya wateja, na kiu yake ya kuwa mwigizaji inaanzia hapo. Katika Supa Modo ya mwaka 2018, kijiji kizima kinashirikiana kutengeneza filamu kwa ajili ya mtoto mgonjwa anayependa mashujaa. Kazi zote mbili zinakiri kwamba sanaa kubwa inaweza kuchipuka kutoka mabenchi ya kibanda cha video.

Tukigeukia kasoro, ya kwanza inahusu filamu zilizofufuliwa zenyewe. Zimerithi kovu bila kidonda. Mikwaruzo ya mkanda wa 1973 ilikuwa alama ya umaskini na kazi. Ile ya 2007 ni pambo lililonunuliwa kwa bei kubwa. Hadhira nyingi hazikushawishika, na Grindhouse haikurudisha gharama zake katika kumbi za sinema. Lakini hasara ya fedha ni ndogo kuliko hasara ya maana. Filamu ya kale ilikuwa na malalamiko ya kweli: polisi wabaguzi, mitaa iliyotelekezwa, heroini. Filamu ya ufufuo mara nyingi ina malalamiko ya filamu nyingine. Haimlilii aliyedhulumiwa bali inakumbuka jinsi wengine walivyomlilia, tena kwa kukonyeza jicho.

Tofauti hii hudhihirika zaidi ukiitazama Uganda. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 inayosemekana kugharimu chini ya dola 200, kwa bunduki za mbao na vyuma vikuukuu na kompyuta zilizoungwaungwa. Huko Marekani kipande cha mkanda "kilipotea" kwa mzaha. Huko Wakaliga nakala ya awali ya filamu ilipotea kwelikweli, kwa kuwa mwenyewe alilazimika kuifuta apate nafasi ya kufanyia kazi nyingine, na iliyobaki ni ile yenye sauti ya mtambaji. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto katika maonyesho ya usiku wa manane. Ni fahari kwa Afrika Mashariki. Lakini lazima iulizwe: kicheko cha ukumbi wa ughaibuni kinacheka pamoja na watu wa Wakaliga au kinawacheka? Yule aliyezoea kununua ufukara kama pambo anaweza kuuona ufukara halisi akadhani nao ni pambo.

Kasoro ya pili ni jinsi mwili na ardhi ya mwingine vinavyogeuzwa bidhaa. Coffy ni shujaa, lakini kamera iliyomtukuza ndiyo iliyomvua nguo, na filamu za ufufuo zimekiiga kitendo hicho kwa kisingizio cha kuheshimu ukale. Ardhi nayo haikusalimika. Mwaka 1952, kabla ya wimbi la 1970, Arch Oboler alitoa filamu ya kutisha kuhusu simba wala watu wa Tsavo, jirani kabisa ya Kitui na Makueni, akaiita Bwana Devil. Sehemu kubwa ilipigwa California. Neno moja la Kiswahili liliwekwa kwenye bango ili litishe, na wenye neno hilo wakawa chakula cha simba. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulihisi hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, na ya kale na ya ufufuo zimeshirikiana humo. Filamu hizi zinajua kumaliza, lakini hazijui kesho yake. Lori linalipuka, muziki unapanda, majina yanapita. Nani atafagia vioo? Nani atamlipa mwenye lori, na ndugu za dereva wataamkia wapi?

Kitui inalijua jibu. Mwanzoni mwa 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga kutoka Kitui. Sababu ilikuwa ya kweli: miti ilikuwa ikiisha na mito ikikauka, ilhali faida ikienda mbali. Mwezi Februari, vijana walilichoma lori la makaa huko Kanyonyoni. Kama ingekuwa filamu, hicho ndicho kingekuwa kilele. Kamera ingepanda juu ya moto na mtazamaji angepiga makofi. Lakini kesho yake ilifika. Siku chache baadaye wafanyabiashara wa makaa walifunga barabara huko Limuru, na suala la miti likageuka kuwa suala la kabila. Wakamba waliokuwa safarini, ambao hawakuwahi kuligusa lori lile, walijikuta hatarini. Tume ya kitaifa ya uwiano ikabidi iingilie. Moto wa Kanyonyoni haukuota mti hata mmoja.

Makueni nayo ilikuwa na dhalimu wake. Mito ya msimu ya huko huhifadhi maji ndani ya mchanga: mvua inapokwisha, maji hubaki chini, na watu huchimba visima mtoni wakanywa na kunywesha mifugo. Anayebeba mchanga kwa malori usiku kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi anabeba kisima. Watu walipigana na hata kuuana kwa ajili ya mchanga huo. Hapa palikuwa na kila kiungo cha filamu ya kisasi: tajiri wa mbali, malori ya usiku, mto unaokufa, mama mwenye mtungi mtupu. Ila hatua iliyochukuliwa haingemfurahisha mwelekezi yeyote wa filamu hizo. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Palifanyika vikao. Watu walibishana juu ya vibali, ada na mipaka. Wizi wa mchanga haukukoma siku moja, na sheria hairuki kutoka paa hadi paa. Hata hivyo sheria ina kitu ambacho bunduki ya steringi haina: inaamka kesho asubuhi.

Pengine mtetezi wa filamu hizi atasema kwamba mtazamaji si mjinga, kwamba anajua kuitenga sinema na maisha, na kwamba hakuna aliyechoma lori kwa sababu alimwona Machete. Hilo ni kweli, na makala haya hayadai vinginevyo. Moto wa Kanyonyoni ulitoka katika hasira ya Kitui, si katika televisheni. Hoja ni nyingine: hasira hiyo ilipotafuta umbo, hadithi zilizokuwa karibu nayo zilikuwa na umbo moja tu. Kazi ya fasihi ni kuongeza maumbo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na kinaingia kwa mlango usiotarajiwa. Vibanda vya Ukambani havikuonyesha filamu hizi jinsi zilivyotengenezwa. Mara nyingi zilikuja na sauti ya mtambaji juu yake, na maarufu kuliko wote nchini Kenya ni DJ Afro, anayezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Uganda ina watambaji wake kwa Kiganda. Mtambaji hatafsiri. Huwabatiza wahusika majina mapya, hutabiri, hudhihaki, humwonya steringi asiyesikia, na huwageukia watazamaji kama fanani anavyoigeukia hadhira yake. Pale filamu inapokimbilia mlipuko, yeye hupata nafasi ya kusema maskini huyu alikuwa na watoto, au huyu naye alijitakia. Hayo ni maneno machache, tena ya mzaha, lakini ndiyo mwanzo wa kuiuliza filamu habari za kesho.

Watambaji hawa hawana utakatifu. Aghalabu huyafanya mateso ya wanawake kuwa kichekesho, na kazi nyingi za namna hii hufanywa bila idhini ya wenye filamu, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailikubali. Walimu hulalamika kwamba Sheng yao inavuruga insha za wanafunzi. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini ni lini mara ya mwisho kijana wa Kyuso au Kathonzweni alilipa kwa hiari ili asikilize Kiswahili kwa saa mbili mfululizo? Mtambaji aliliwezesha hilo. Idara zetu hurekodi hadithi za wazee, nazo zinafanya vyema. Lakini mtambaji wa kibandani ni fanani aliye hai, mwenye hadhira, mtindo na kanuni zake, na rekodi zake zinapotea kila simu inapofutwa.

Kiswahili kina funzo jingine, la kale zaidi. Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, una kila kitu ambacho filamu ya kisasi inatamani: shujaa asiyedhurika kwa silaha za kawaida, mfalme mwenye wivu, kifungo, utoro, na usaliti wa mwana. Liyongo anadungwa sindano ya shaba kitovuni, anapiga goti kisimani akiwa na upinde na mshale wake, na hapo anafia. Filamu ingeishia hapo. Utendi unaendelea. Watu wanadhani yu hai, wanaogopa kukaribia, na mji unakaa na kiu. Mamaye anakwenda kumsihi mwanawe kana kwamba anasikia. Mwana msaliti hapati alichoahidiwa, bali fedheha na kifo. Mtunzi alijua kwamba kifo cha shujaa kinapimwa kwa mitungi iliyobaki mitupu. Mtu wa Kitui, anayejua maana ya mtungi mtupu, hahitaji kufafanuliwa beti hizo.

Basi hakuna sababu ya kuziepuka filamu hizi, wala ya kuziiga zilivyo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kukaa na mtambaji mmoja na kulinganisha anachokisema na kilichomo katika filamu. Anayetunga anaweza kuandika mchezo wa mchanga wa Makueni wenye mbio zote za malori ya usiku, mradi pazia lisifungwe moto unapowaka. Na mhadhiri anayefundisha Liyongo anaweza kukiri darasani kwamba utendi huo ni wa kisasi, damu na hila, kisha akawauliza wanafunzi wake kwa nini haukuishia kisimani.

Steringi hafi, hiyo ni sheria ya kibanda, na hakuna haja ya kuivunja. Lakini nje ya mlango wa mabati kuna mama anayeuza ndizi, na barabarani kuna lori lililochomwa ambalo mwenyewe bado analilipia mkopo. Hadithi yao huanza majina yanapokwisha kupita, na ni Kiswahili, si kamera ya Hollywood, kinachokaa karibu nao vya kutosha kuisimulia.